Mlango wa Misumari ya Inchi Moja

Mdogo wangu Njiti,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Mimi sijambo, duka halijambo, paa halivuji na mizani yangu bado inasema kweli. Natumaini nawe u mzima, unakula ukashiba na unalala ukapata usingizi, maana nina mengi ya kukwambia na sipendi kugombana na mgonjwa. Kama unaumwa, ikunje barua hii uiweke chini ya mto, utaisoma ukipona. Kama u mzima, vuta kiti.

Shangazi anakusalimu. Miguu inamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Kila nikimtembelea ananiuliza habari za yule wa kompyuta, nami namjibu kwamba watu wa kompyuta wana kazi nyingi. Huu ni mwaka wa sita nampa jibu hilo hilo, na yeye ni mwaka wa sita anajifanya amelikubali.

Usishangae kuona karatasi. Simu hupokei, na mara ya mwisho nilipokuandikia ujumbe ulinijibu kwa kile kidole gumba cha njano. Hasira ya mtu mzima haienei kwenye simu. Anwani ya ofisi yenu nimeipata mwishoni mwa huo mchezo wenu, pale majina yanapopanda kioo kama mchwa ukutani. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nimeucheza mpaka mwisho.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe tangu shule ni mtu wa kuruka mistari.

Wiki iliyopita walikuja dukani vijana wawili kutafuta bawaba za kabati. Nilikuwa stoo. Nikatoka, na funguo kiunoni zikalia kama zinavyolia siku zote. Unazijua, huwa siziweki chini. Kusikia hivyo, mmoja akamvuta mwenzake mkono, wakachutama nyuma ya ndoo za rangi, wamebana pumzi, macho yamewatoka pima. Mimi nikajua ni wezi. Nilipowauliza wamepoteza nini huko chini, yule mrefu akanijibu, bila chembe ya haya, kwamba wanajificha wasionwe na Mama Funguo. Wakacheka mpaka ndoo moja ikapinduka. Nimeitwa majina mengi mtaani hapa, Mama Misumari, Chuma cha Pua, Mkaza Mizani, na yote nimeyabeba kwa sababu nimeyafanyia kazi. Hili la funguo sikulifanyia kazi. Nikawabana wanieleze limetoka wapi, wakasema nikamuulize kinyozi.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara unamkumbuka, ndiye aliyekunyoa tangu ukiwa unalia kwa kuisikia tu mashine yake. Siku hizi ametundika runinga kubwa ukutani, na wateja wanaosubiri zamu hucheza michezo hapo. Nikamwachia karani duka, nikavuka barabara mchana kweupe. Nilikuta wanaume wazima, mmoja amenyolewa nusu kichwa na shuka bado liko shingoni, wamekodolea chumba chenye giza kwenye kioo, na aliyeshika pedi ya kuchezea anatetemeka kama mwizi wa kuku aliyesikia hatua. Kinyozi akanipisha kwenye kiti cha kuzunguka, kile cha heshima, akaanza kunieleza kwa madaha kama mtu anayeuza shamba.

Alisema wewe unayecheza ndiye mtoto. Sura yake huioni, unaona kwa macho yake tu: mikono midogo mbele yako, na kila kitu cha dunia kiko juu. Umefungiwa katika nyumba ya vyumba viwili, mlango umefungwa kwa nje, na kazi yako ni kutoka. Tatizo, ndani humo anazunguka mwanamke mwenye shada la funguo kiunoni. Ukigonga kitu, ukikohoa, ukikanyaga ubao unaolia, anakuja. Akikukuta, kioo kinakuwa cheusi na unaamka upya kitandani. Wengine wamefika mpaka kumwibia funguo zote, wakazijaribu mlangoni moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja inayofungua. Mtaa mzima hajatokea wa kuumaliza.

"Mama, hapo hakuna ujanja," kinyozi akaniambia. "Huyo mwanamke anasikia mpaka mbu akimeza mate."

Nikawa natazama tu. Kisha yule mchezaji akageuka upande wa dirisha, nami nikaliona kabati. Kabati la miguu mitatu, na mguu wa nne ni kopo la misumari. Nikaona pazia la gunia. Nikaona kizingiti, na kando yake mistari ya mkaa ukutani, mmoja juu ya mwingine, niliyokuwa nakupimia urefu. Nikamwomba kinyozi arudishe mwanzo, akarudisha, na kabla ya jina la mchezo likatokea jina la aliyeutengeneza: Njiti, kwa herufi kubwa kama za tangazo la sabuni. Jina nililokupa mimi, kwa sababu ulizaliwa kabla ya siku zako, unaenea kiganjani kama njiti ya kiberiti, na wakunga walikwisha kutupa macho pembeni. Jina la ndani ya nyumba, wewe umekwenda kulibandika juu ya kitisho.

Nikamwambia kinyozi kwamba huyo Njiti ni wewe. Akashangilia. Akasema alijua tu utafika mbali, kichwa chako kilikuwa na mabonde. Kisha akaziona funguo zangu, akatazama kioo, akazitazama tena funguo, na furaha ikamwishia mdomoni taratibu kama peremende.

Sasa nisikie. Kwanza, umenifanya niguse dari. Mimi, nisiyefika rafu ya tatu bila kigoda! Uso hukunipa, umeniachia weusi mtupu, kama kwamba miaka yote uliyokaa nami hukuwahi kuniangalia. Umenikokotesha mguu, na hapo sikatai, mguu ulikuwa unaniuma. Nani asimame mbele ya mashine usiku kucha arudi nyumbani anaruka kamba? Halafu kuna lile la kugeuza kichwa ubavu kila nikisikia kitu, kama kuku aliyeona punje. Yule wa nusu kichwa aliigiza hapo hapo, wenzake wakavunjika mbavu. Nikamtazama. Akaacha katikati, akaomba maji.

Lakini lililonichoma ni sahani. Mchezaji anapoishiwa nguvu huenda kwenye kabati, na hapo juu pana sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Anafunua, anakula, nguvu zinarudi. Kila akianza upya anaikuta ipo, na chakula bado kinatoa mvuke. Yule kijana wa pedi alikula mara tisa mbele ya macho yangu. Nikauliza ni nani aliyepika. Wote wakanigeukia kama niliyeuliza nani anailipia mvua. Kinyozi akasema hakuna aliyepika, ni chakula cha mchezo tu, kimo humo. Kimo! Chakula hakijipiki, Njiti. Sahani haijifuniki. Wachezaji wote wanakula, wananenepa, wanaendelea kumkimbia mpishi, na wewe uliyeweka sahani hukuona haja ya kuweka mkono ulioiweka.

Na hili la kufungiwa. Ndiyo, nilikufungia, na hali ikirudi ile ile leo, ningekufungia tena. Mama alipofariki wewe ulikuwa na miaka mitano na mimi ishirini, baba tulikuwa tumeshamzika, na shangazi alikuwa bado ameolewa mbali. Kiwanda cha misumari hakikuwa na nafasi kwa mwanamke mgeni isipokuwa zamu ya usiku. Jirani wa kushoto alikuwa akilewa anajaribu vitasa vya watu. Mbele ya nyumba yalipita malori. Na wewe ulikuwa na tabia ya kuinuka usingizini ukatembea. Mara mbili nilikuokota katikati ya barabara umefumba macho, mkono mmoja umeshika blanketi. Ningekuachia mlango wazi uende wapi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Mimi sikuzaa, lakini walionionea wivu kwa kutokuujua uchungu huo nawaombea wapate mtoto anayetembea amelala. Ukitaka kuwatisha watu kweli, tengeneza mchezo ambao mchezaji yuko kiwandani, mashine zinalia, na kila dakika anajiuliza kama yule mtoto amelala au ameinuka. Mchezo huo niliucheza mimi miaka sita, bila kitufe cha kuanza upya.

Lakini nyumba hiyo uliiita jela. Hukuanzia kwenye runinga ya kinyozi. Ulinitamkia mwenyewe, wiki ile ya mwisho, nilipokwambia nimekutengenezea nafasi dukani. Nilikuwa nimetoka kuokota misumari iliyopinda sakafuni kwa mwenye kiwanda, nikainyoosha kwa nyundo usiku na kuiuza kwa vipimo vya kopo, mpaka nikafungua duka lenye jina langu mlangoni. Nikakununulia kompyuta ya mtumba kwa sababu ulisema ni ya masomo. Nikakwambia njoo sasa, meza ya hesabu ni yako. Ukasema umetoka jela moja, huingii nyingine. Nami nikasema maneno, sikatai. Nina mdomo, na ulimi wangu haujawahi kukaa likizo.

Lakini mtu akigombana na dada yake huaga, Njiti. Hata mpangaji aliyeharibu choo huaga. Ilikuwa mchana, duka limejaa, nimeinamia mizani nampimia fundi mmoja misumari ya bati. Nikainua kichwa na kuona mgongo wako, na begi juu yake, unamalizia kuvuka barabara. Basi. Hakuna kwaheri, hakuna kukohoa. Na yule fundi akawa ananikodolea macho kama mtu aliyeona jambo la aibu. Nikajua anaishuku mizani yangu, nikamwambia kama haamini akapime kwingine, akajibu kwamba hakusema kitu kuhusu mizani, tukapandishiana sauti mpaka akaacha misumari juu ya meza na kuondoka. Sijamwona tena. Siku moja nikapoteza ndugu na mteja. Sikukufuata, kwa sababu nilijiambia kwamba anayeondoka bila kuaga amekwisha kusema. Hilo ndilo nililolibeba miaka yote hii, na ndilo nililokaa nalo kwenye kiti cha kinyozi. Kwamba uliondoka bila kuaga.

Nikamwomba yule kijana pedi.

Walicheka, tena hawakujificha. Kinyozi akanionyesha vitufe: hiki cha kutembea, hiki cha kushika kitu, hiki cha kuchutama kwa ajili ya kujificha. Akaniasa nisikasirike nikishindwa. Mara tatu za mwanzo nilikamatwa na mimi mwenyewe. Nakuja kutoka chumba cha ndani, funguo zinalia, mguu nakokota, najiinamia na ule weusi wangu usoni, kioo kinazimika. Nakiri kwamba niliruka kwenye kiti. Wewe mtoto, unajua kutisha.

Mara ya nne nilikosea kitufe, nikaangusha sufuria. Mwanamke yuko hapo hapo, ubavuni kwangu, ningenyoosha mkono ningegusa nguo yake. Chumba kizima cha kinyozi kikashika kichwa. Naye akapita. Akaenda zake mpaka dirishani kama kwamba hakuna kilichoanguka.

"Umeona?" akasema kinyozi. "Hapa ndipo mdogo wako alipolipua kazi. Mara anasikia mbu, mara hasikii sufuria. Watu wote wanalalamika."

Wengine wakaitikia kwamba ni kasoro, na kwamba kwa jina linaloandikwa kubwa vile ungeona aibu kuacha kasoro ya namna hiyo. Nikachukua kikombe nikakiangusha upande wake wa kulia. Akanijia mbio, nikafa. Nikaamka kitandani, nikamvizia, nikaangusha kikombe upande wake wa kushoto, akapita. Nikarudia kulia. Nikarudia kushoto. Wakaanza kuulizana kama mama amesahau vitufe, maana anajiua makusudi. Wewe hujawahi kulipua kazi maishani mwako. Hata nguo ulikuwa unakunja ukirudia mpaka pembe zikutane.

Nitarudi kwenye hilo. Kwanza mlango.

Nikapita kushoto kwake, wazi, bila kuchutama, wenzangu wakipiga kelele kwamba niibe funguo. Sikuzigusa. Nikaenda mpaka kwenye sanduku la nguo lililo mbele ya mlango, nikaligeuzia mgongo, nikabonyeza kile kitufe cha kuchutama. Badala ya kuchutama, mtoto akakaa chini. Kinyozi akasema hajawahi kuona hilo. Miguu miwili midogo ikaonekana mbele yangu imekanyaga mlango, chini kidogo ya kitasa. Nikasukuma. Nikasukuma tena.

Misumari ikatoka. Niliiona ikiruka, mifupi, na mlango ukafunguka wenyewe kwa nje, kufuli likiwa limening'inia bado limefungwa.

Duka la kinyozi lililipuka, mtu akadondosha kiti. Mimi nilikuwa nimekaa nimeshika pedi na hasira yangu yote mpya kabisa. Kwa sababu ulikumbuka! Ulikumbuka kwamba kile kibati cha kushikia kufuli nilikigongomea mwenyewe, na kwamba nilitoboa mbao kwanza kwa msumari mnene, ndipo nikatia misumari myembamba ya inchi moja, ishikilie tu kwa macho ya watu. Kwa nje ukiona unasema mlango wa benki. Kwa ndani, mtoto wa miaka mitano akiegemea sanduku na kusukuma kwa miguu miwili, unatoka. Tulifanya mazoezi siku yangu ya mapumziko. Ulisukuma, ukafunguka, ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi, ukataka tena. Nikagongomea, ukasukuma, nikagongomea. Nikakwambia ni kwa ajili ya moto, au mtu mbaya akiingia kwa dirisha, si kwa ajili ya kuchungulia malori. Nawe ukaahidi, na ahadi ukaishika. Sasa niambie wewe uliyesoma: jela gani hiyo ambayo askari anamfundisha mfungwa pa kusukumia?

Hapo nilitaka kusimama niondoke na ushindi wangu. Lakini mchezo haukuwa umekwisha.

Mtoto alisimama kizingitini, nje kuna mwanga, na vitufe vikawa havifanyi kazi tena. Akageuka kutazama ndani. Mwanamke alikuwa amesimama kwa kutuonyesha ubavu wake wa kushoto, amejiinamia. Wala hakuwa mrefu tena. Mbele yake palikuwa na mizani, na mkononi alikuwa na misumari. Nyumba ile haikuwahi kuwa na mizani, Njiti. Mizani ilikuja na duka. Kisha mtoto akasema kitu, na maneno yakaandikwa chini ya kioo:

"Dada, naondoka. Ukigeuka, sitaenda."

Wote tukasubiri. Mwanamke akaongeza msumari kwenye mizani, akapunguza mmoja, akaongeza. Hakugeuka. Yakaanza kupanda majina.

Kinyozi akasikitika, akasema hata mwisho wenyewe una kasoro, mwanamke mwenye masikio ya namna hiyo haiwezekani asimsikie mtoto aliye karibu vile. Nikamrudishia pedi, nikamshukuru kwa kiti, nikavuka barabara. Karani akaniuliza kilo moja ya misumari ya inchi nne ina misumari mingapi, swali ambalo najibu nikiwa usingizini. Nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Haya. Vuta kiti karibu, maana hili sijamwambia mtu. Shangazi halijui, karani halijui, na wateja wanafikiri nina maringo.

Sikio langu la kushoto halisikii. Si kwamba linasikia kidogo. Limekufa. Mashine yangu kiwandani ilikuwa upande huo, inakata waya na kugonga kichwa cha msumari, inakata na kugonga, na mwaka wa pili ukaanza mvumo, na mwaka wa tatu ukaisha hata mvumo. Kila mwaka tulipimwa. Muuguzi anasimama nyuma yako, unaziba sikio moja kwa kiganja, yeye ananong'ona tarakimu na wewe unazirudia. Asiyerudia hurudishwa nyumbani, na nyumbani wewe ulikuwa unakua na viatu vinakubana. Nikajiweka mwisho wa mstari. Nikasikiliza kwa sikio zima anavyowapima wenzangu, nikagundua kwamba kwa kuchoka anamnong'oneza kila mtu tarakimu zile zile. Nikazikariri. Ilipofika zamu yangu nilizitaja zote kwa sauti ya mtu anayejiamini, kwa sikio lisilosikia hata radi, na yule mama akanisifu. Nilifanya hivyo kila mwaka mpaka nilipotoka pale. Tangu hapo ikawa mazoea. Natazama midomo, nageuza kichwa, na anayenisemesha upande ule nisimjibu, naye akasema nina kiburi, namwachia kiburi chake. Kiburi hakimfukuzishi mtu kazi.

Nilidhani nimeificha dunia nzima. Sasa nakaa dukani jioni nakumbuka mambo. Tulipokuwa tunatembea njiani ulikuwa unazunguka nyuma yangu ili uje kunishika mkono wa kulia; nikadhani unaogopa mtaro. Ulihamisha mkeka wako wa kulalia ukauweka upande wa pili wa kitanda changu, bila kusema kwa nini, nami nikakuita msumbufu. Hukuwahi hata mara moja kunisemesha kushoto. Ulikuwa na umri gani? Saba? Nane? Ulijua, na ulinyamaza nami miaka yote hiyo, na sikukushukuru kwa sababu sikujua kuna cha kushukuru.

Lakini usidhani hasira imeniisha. Ndiyo kwanza imepata pa kukaa. Kama ulijua, basi siku ile uliingia dukani, ukachagua upande, ukasimama kwenye sikio lililokufa, ukaniwekea sharti. Huko si kuaga. Huko ni kucheza karata ulizokwisha kuziona. Ulitaka uende na lawama ibaki kwangu. Au basi hukuchagua. Ulikuwa na begi, una haraka, macho yamejaa, ukasimama tu upande ulio karibu na mlango, na ulipofika mbali ndipo ukakumbuka ulikosimama. Kama ni hivyo, kwa nini hukurudi ukasema upya? Safari ya siku moja imekushinda miaka sita, ukaona rahisi kujenga nyumba nzima ndani ya runinga na kunifungia mimi humo, nikizunguka na funguo namtafuta mtoto, na watu wananikimbia? Nimeipiga hesabu hii huku na huku, pande zote haikubali. Ila hiyo ya pili ina nafuu, na nimeamua kushika hiyo mpaka uniambie mwenyewe kwa mdomo wako.

Na yule fundi, Mungu amrehemu kama hayupo, kumbe hakuwa na neno na mizani yangu. Alikuwa ananishangaa ninavyomwacha kijana asimame pale bila jibu.

Kinyozi anasema michezo siku hizi hurekebishwa hata baada ya kuuzwa, mnatuma marekebisho usiku na asubuhi kila kitu ni kipya. Basi nina maombi. Nipunguzie urefu. Kwenye ile sahani weka mkono, hata kama ni mkono tu, unaofunika na kuondoka. Ile kasoro usiiguse; watu waendelee kulalamika. Na mwisho pia usiubadilishe, maana ndivyo ilivyokuwa.

Lakini ujue wewe, hata kama wao hawatajua: ningegeuka. Ningemwaga misumari yote ya yule fundi sakafuni nikageuka, nikakutukana, nikakushika begi. Ulipaswa kunipa nafasi hiyo. Ilikuwa haki yangu.

Naishia hapa kwa leo, mkono umechoka na karani anataka kufunga mahesabu. Shangazi ameniagiza niandike kwamba anakuombea, na kwamba akifa kabla hujaja usihangaike kuja kulia. Kinyozi anakusalimu, na tangu juzi ananiita bingwa, jina ambalo kwa mara ya kwanza nimelifanyia kazi. Ukipata baridi vaa vizuri, kifua chako hakijawahi kuwa cha mtu mzima.

Duka liko pale pale. Ukija utanikuta nimeinamia mizani. Usisimame upande wa mlango, penye bawaba. Zunguka nyuma yangu kama zamani, uje huku kwenye ndoo za rangi. Huku nasikia.

Ni mimi dada yako,
mwenye funguo.